UZI: England wameruhusu mashabiki kusimama tena uwanjani. Tunasemaje?

#1 Mbeba Boksi

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Nimetoka uwanjani saa mbili zilizopita. Sauti imekauka na magoti yananikumbusha mwaka niliozaliwa. Nimesimama dakika zote 90 na za nyongeza, na hakuna aliyekuja kuniambia "kaa chini". Kwa sisi tunaobeba boksi huku Uingereza hili bado lina utamu wa upya, maana kuanzia msimu wa 1994/95 timu za madaraja mawili ya juu zililazimishwa kuweka viti uwanja mzima. Ukisimama ulikuwa unavunja kanuni za uwanja, hata kama mmesimama jukwaa zima na mnaimba wimbo mmoja.

Januari 2022 ndipo majaribio yalipoanza kwenye viwanja vya Chelsea, Man City, Man United, Spurs na Cardiff. Mechi ya kwanza ni ile Chelsea na Liverpool ya tarehe 2, iliyoisha 2-2, najua wengi humu mliitazama kibandaumiza. Msimu uliofuata serikali ikaruhusu moja kwa moja kwa klabu zenye leseni.

Kwa asiyeelewa inavyokuwa: ni kiti cha kukunja kama kawaida, ila nyuma yake kuna fremu ya chuma, na juu ya fremu kuna bomba linalokufika kiunoni. Huku wanaviita viti vya reli. Kila mtu ana kiti chake na namba yake. Ukichoka unakaa. Usipochoka unasimama, umeshika bomba lililo mbele yako, na la nyuma yako linamzuia wa nyuma asikuangukie.

Hilo la kuangukiwa naliongea kwa uchungu. Miaka ile ya viti vitupu, visivyo na reli, nilisafiri na timu yangu ugenini, kiwanja sikitaji. Dakika ya 88 tukafunga. Sasa vile viti vya kawaida mgongo wake unaishia usawa wa goti, kwa hiyo mtu aliyesimama anategwa kama sungura. Jamaa wa nyuma akaniparamia kwa furaha, nikaenda mbele safu mbili, nikaja kutua juu ya mzee mmoja mwenye skafu. Kiatu kimoja hakipo. Ugoko umechunika kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo, soksi imelowa damu. Yule mzee, akiwa bado chini yangu, akanikumbatia na kuniimbia sikioni. Kovu ninalo hadi leo.

Hoja yangu ni hii: kusimama hakujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni watu kuwa wengi kuliko nafasi. Karibuni tubishane.

#2 Utopolo Halisi

Nimewahi siti ya mbele kabisa, mwenye kahawa apite huku.

#3 Mchambuzi Uchwara

Mkuu umekosea uzi. Humu siti zimekunjwa, simama kama wenzako.

#4 Utopolo Halisi

Basi nashika bomba.

#5 Kop ya Mburahati

Mbeba Boksi, huwa nakusoma na nakuheshimu, ila hapo pa "hakujawahi kuwa tatizo" umeteleza vibaya.

Mimi ni Liverpool tangu utotoni, kwa kurithi kutoka kwa marehemu mzee. Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA na Nottingham Forest, uwanja wa Hillsborough kule Sheffield. Jukwaa la Leppings Lane lilikuwa la kusimama, limegawanywa kwa fensi ubavuni na fensi nyingine mbele kuzuia watu wasiingie kiwanjani. Wenyewe Waingereza vile vyumba waliviita mazizi. Fikiria, mazizi, kama ya ng'ombe. Watu wakajazana mazizi mawili ya katikati, namba 3 na 4, hadi chuma kimoja cha kuegemea kikakatika. Mpira umeanza saa tisa alasiri, saa tisa na dakika sita ukasimamishwa.

Na watu wengi humu wanadhani walikanyagana. Hapana. Wengi walikosa hewa wakiwa wamesimama wima, kifua kimebanwa kiasi kwamba mbavu haziwezi kupanuka. Walikufa 97. Wa mwisho alikaa na majeraha ya siku ile miaka 32, akafariki 2021.

Familia zao kwa miaka mingi hazikutaka hata kusikia neno kusimama likitajwa. Mimi nani nizipinge nikiwa Mburahati na rimoti mkononi?

#6 Mbeba Boksi

Kop, nimekuelewa, na kwa lile neno naomba radhi. Nilitakiwa kulipima kabla ya kuliandika.

Lakini hebu tuitazame siku yenyewe. Mashabiki 10,100 wenye tiketi za kusimama walipangiwa kupita kwenye mageti saba tu ya kuzunguka. Saba. Nje pakajaa. Saa nane na dakika 52 polisi wakaamuru lango kubwa, lile C, lifunguliwe. Walioingia wakaona mbele yao njia moja iliyo wazi, handaki linaloteremka moja kwa moja hadi mazizi ya katikati, na hakuna askari wala stewadi (mhudumu wa uwanja) aliyesimama pale kuwaelekeza pembeni. Mazizi ya pembeni yalikuwa na nafasi! Watu wanakufa katikati, na hatua chache pembeni mtu anaweza kunyoosha mikono.

Tena onyo lilishatolewa. 1981, jukwaa lilelile, nusu fainali ya Spurs na Wolves, watu walibanwa na 38 wakaumia. Baada ya hapo eneo likaendelea kugawanywa, huku cheti cha usalama kikibaki na namba ileile ya jukwaa zima.

Baraza la uchunguzi la 2016 lilisema wazi kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Na Jaji Taylor mwenyewe, yule aliyependekeza viti kwenye ripoti yake ya Januari 1990, aliandika kwamba kusimama kwenyewe si lazima kuwe hatari.

#7 Kop ya Mburahati

Hayo nayajua, kaka. Ila umesoma nusu ya Taylor. Kama kusimama si hatari, mbona akapendekeza viti?

Kwa sababu kiti kinahesabika. Ukiwa na viti 500 una watu 500, hata mjinga anaona. Kwenye ngazi tupu unaweza kuongeza mia mbili na anayetazama kutoka chumba cha polisi akaona umati uleule. Ndicho kilichotokea. Cheti kilisema jukwaa zima lichukue 10,100, hakuna aliyekuwa anahesabu kila zizi peke yake.

#8 Mchambuzi Uchwara

Hapo Kop kamaliza. Mods fungeni uzi.

#9 Mbeba Boksi

Hajamaliza, kanisaidia. Viti vya reli navyo vinahesabika! Mtu mmoja, nafasi moja, tiketi moja. Hakuna anayetaka kurudisha ngazi tupu za 1989 hapa England. Kinachobishaniwa ni mtu mwenye kiti chake kuruhusiwa kusimama mbele ya kiti chake.

#10 Fundi Nondo

Swali la kifundi kabla hamjaendelea. Hizo fremu zinafungwa wapi? Maana majukwaa mengi ya zamani ngazi zake ni zege jembamba, na watu mia wakiruka kwa pamoja ule mzigo si sawa na watu mia waliokaa. Ukichimba bolti kwenye zege la namna hiyo bila kupima, bomba litashika ila ngazi itaachia. Mimi nimeshakataa kazi ya kufunga vyuma vya ngazi kwenye jengo moja kwa sababu hiyohiyo. Mwenye jengo akatafuta mwingine.

#11 Mswahili wa Ruhr

Fundi, huku Ujerumani wanapima kwanza, na si kila jukwaa linafaa.

Nipo karibu na Dortmund mwaka wa tisa huu. Jukwaa la kusini, lile la Ukuta wa Njano, linachukua watu karibu 25,000 waliosimama, na uwanja mzima kwa mechi za ligi unafika 81,365. Sehemu kubwa ya jukwaa hilo kwenye ligi haina viti kabisa, ni ngazi na vyuma vya kuegemea vilivyopangwa kwa hesabu. Zamani zikija mechi za Ulaya, UEFA hawakutaka mtu asimame, kwa hiyo viti vinafungwa na uwanja unashuka hadi watu 66,000 hivi. Msimu wa 2022/23 UEFA wenyewe wakaanza kujaribu kuruhusu kusimama kwa Ujerumani, England na Ufaransa.

Kuhusu kuhesabu: tiketi yako ina namba ya bloku. Geti la bloku nyingine linakukataa hata ulie. Kwa hiyo Kop, ngazi tupu nazo zinahesabika, ni suala la kutaka kuhesabu.

Na jambo ambalo England hawalisemi sana ni bei. Tiketi ya kusimama huku ni ya mtu wa kawaida. Mwanafunzi anaimudu. Mara ya kwanza kuingia pale nilimwagiwa bia shingoni na mtu nisiyemjua, akanipangusa kwa skafu yake mwenyewe, tukaimba mpaka mwisho. Tulifungwa, nadhani.

#12 Mchambuzi Uchwara

Hapo kwenye bei nashuka na gari.

Taylor alipopendekeza viti alitoa mfano wa Ibrox, uwanja wa Rangers kule Glasgow, kiti paundi 6 na kusimama paundi 4. Alidhani tofauti itabaki ya namna hiyo! Klabu zikajenga viti, zikapandisha bei, na kila ukiuliza unaambiwa ni usalama. Kop, lile jukwaa la Liverpool nyuma ya goli, enzi zake ilibeba watu hadi 28,000, walipoweka viti ikabaki na 12,000 na ushee. Hao wengine walienda wapi? Walienda baa. Wanangu wa Arsenal mtakumbuka jukwaa la North Bank pale Highbury lilipovunjwa 1992, wakaweka picha kubwa ya mashabiki nyuma ya goli kuficha ujenzi. Mashabiki wa kuchorwa, hawaimbi na hawadai chenji. Na mwanzoni hapakuwa na sura nyeusi hata moja kwenye ile picha, mpaka watu walipolalamika.

Sasa leo mnarudishiwa kusimama kwa bei ya kukaa, mnashangilia. Mbeba Boksi, tiketi yako ya leo shilingi ngapi?

#13 Mbeba Boksi

Sitaji, mke wangu ana akaunti humu.

Ila Mchambuzi kasema kweli. Kwa kuwa England ni mtu mmoja nafasi moja, idadi ya watu haiongezeki, na klabu haina sababu ya kupunguza bei. Ujerumani wanabana watu zaidi kwenye nafasi ileile, ndiyo maana bei inashuka. Huku nafuu tuliyoipata ni ya mashabiki wa ugenini tu, tiketi isizidi paundi 30, na hiyo ilikuja 2016 baada ya watu kugoma. Haihusiani na reli.

#14 Mama Wawili

Nimesoma kurasa zote mbili nikasema ngoja nami niseme, maana mnaandika kana kwamba kila shabiki ni mwanaume wa futi sita.

Mimi naishi Midlands, futi tano na kidogo, na kijana wangu ana miaka tisa. Msimu uliopita nilinunua tiketi mbili jukwaa la kawaida, la viti, klabu naihifadhi. Kuanzia dakika ya kwanza safu za mbele zikasimama. Ukiwaambia "samahani kaka" wanakuonyesha wa mbele yao. Yule wa mbele naye anakuonyesha wa mbele yake. Nikamwita stewadi, akapandisha mabega. Kijana alipanda juu ya kiti, kile cha plastiki kikawa kinacheza, nikamshika kiuno dakika 45 kama nimeshika mtungi kichwani. Kipindi cha pili tukatoka kwenda kutazama kwenye luninga ya pale kwenye korido, na nimelipa.

Kwa hiyo mimi nawaunga mkono hao wa reli kwa sababu zangu. Wapewe zizi lao (samahani Kop) wasimame huko, watuachie sisi wafupi viti vyetu.

#15 K'Ogalo Damu

Mama Wawili umenimaliza na hiyo ya mtungi 😂

Wacha niseme ya Nairobi. Nyie mnaongea viti na vyuma, lakini sisi kwetu watu hufia langoni, hata hawajajua watakaa ama watasimama. Oktoba 2010, uwanja wa Nyayo, Mashemeji derby, Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards). Watu saba. Mechi ilikuwa imeanza, waliokuwa nje wakasukumana getini. Ndani kuna viti. Viti viliwasaidia nini?

Na juzi tu kwenye CHAN, Agosti 2025, watu waliingia Kasarani kwa nguvu bila tiketi mpaka CAF wakatupunguzia mashabiki hadi 27,000. Uwanja umekarabatiwa, viti vinang'aa, na tunafungiwa kwa sababu hatujui ni wangapi wameingia.

#16 Stewadi Mstaafu

K'Ogalo ameniita bila kujua. Nilipokuwa nasoma England nilifanya ustewadi wikiendi misimu miwili, koti la chungwa na redio begani. Sasa nipo Dodoma, nauza vifaa vya ujenzi (Fundi Nondo nitafute).

Watu wanadhani stewadi kazi yake ni kuzuia fujo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuhesabu vichwa. Kila geti la kuzunguka linahesabu, na namba inaenda chumba cha usimamizi papo hapo, kwa hiyo pale wanajua jukwaa fulani lina watu wangapi hata kabla mpira haujaanza. Lakini geti halijui mtu ameenda kusimama wapi baada ya kuingia. Hapo ndipo unaanza utundu. Jamaa ana tiketi ya jukwaa la familia, washkaji zake wako eneo la kuimba, anapenyeza. Safu ina nafasi 20, mimi nikipita ngazini nahesabu, moja mbili tatu, nakuta vichwa 23. Napiga redio. Tunawaomba tiketi kistaarabu, mmoja siku zote anaenda chooni ghafla.

Na kitu cha pili ni ngazi. Ngazi isiwe na mtu hata mmoja. Safu zikibanwa, wa kwanza kufurika anafurikia ngazini, na ngazi ikiziba huwezi kumtoa mgonjwa. Watu wangapi walikufa Ibrox Januari 1971? 66, kwenye ngazi, wakati wa kutoka. Hawakuwa wanatazama mpira.

Kuhusu reli zenyewe, kwangu zilirahisisha kazi. Kwa viti vitupu watu wanasogea kama maji, goli likiingia safu ya kumi inaishia ya saba. Kwa bomba kila mtu anabaki alipo. Unaweza kuhesabu.

Na masharti ya leseni si mchezo: eneo liwepo kwa wenyeji na kwa wageni, kamera zione kila kona, mastewadi wafunzwe, anayesimama asimzibe anayekaa nyuma yake wala mwenye kiti cha magurudumu. Kiti hakitakiwi kufungwa kwa kufuli, mtu akitaka kukaa akae.

#17 Kop ya Mburahati

Stewadi, huo ndio uzi niliokuwa nausubiri. Swali moja. Hizo hesabu nani anazikagua? Maana 1989 nako walikuwepo watu waliolipwa kuhesabu.

#18 Stewadi Mstaafu

Kuna mamlaka ya usalama wa viwanja inayotoa leseni, na halmashauri ya mji inayotoa cheti. Wanaweza kukupunguzia watu au kukufungia jukwaa, na klabu zinaliogopa hilo kuliko kufungwa mabao. Ila swali lako ni la haki. Siku msimamizi akichoka, bomba halihesabu lenyewe.

#19 Utopolo Halisi

Nimeweka kahawa pembeni. Tuje Uwanja wa Mkapa, Dar.

Mei 2023 nilikuwepo, Yanga na USM Alger, fainali ya Shirikisho, mkondo wa kwanza. Watu walibanana mlangoni, mmoja akafariki na wengine 30 wakaumia. Uwanja wa watu 60,000, viti kila mahali tangu 2007. Mimi nilifika saa sita mchana na bado nilisukumwa nikatenganishwa na mdogo wangu, nikamkuta mzunguko, kule kwenye tiketi za bei nafuu, baada ya nusu saa, kandambili mkononi, anacheka. Alikuwa hajui kilichotokea geti la pili yake.

Na kule jirani, uwanja wa Uhuru, Machi 2021 kwenye kumuaga Magufuli, polisi walitaja watu 45 waliofariki. Haukuwa mpira, lakini ni watu na milango.

Sasa Mbeba Boksi anatuletea viti vya reli. Makolo (watani wetu Simba) wakipewa yale mabomba si watayauza chuma chakavu?

#20 Mchambuzi Uchwara

Utopolo umeanza vizuri ukamaliza kiutopolo.

#21 Fundi Nondo

Anachosema kina maana lakini. Desemba 2024 kwenye mechi ya Simba na CS Sfaxien viti zaidi ya 200 viling'olewa. Kiti cha plastiki kikishang'oka ni silaha. Bomba lililozamishwa kwenye zege hulirushi. Na mzunguko siku ya dabi nani anakaa? Wanasimama juu ya viti, kiatu kwenye plastiki, kiti kinapasuka, msimu unaofuata tunaambiwa mashabiki si wastaarabu. Jamaa wanataka kusimama, wape pa kusimama.

#22 K'Ogalo Damu

Fundi unaruka swali. Hata ukiweka dhahabu, nani anahesabu getini? Accra, Mei 2001, zaidi ya watu 120 walikufa kwa sababu polisi walirusha mabomu ya machozi jukwaani na milango ilikuwa imefungwa. Olembe, Yaoundé, Januari 2022, AFCON, watu wanane, lango lililopaswa kuwa wazi lilifungwa. Uwanja ulikuwa mpya kabisa, na una viti!

#23 Mbeba Boksi

Hapo ndipo nilitaka tufike, ingawa nilianza vibaya. Nabadilisha sentensi yangu ya mwanzo. Kusimama kunaweza kuwa salama pale tu ambapo kuna mtu anajua wako wangapi na ana mamlaka ya kusema imetosha. Kukaa nako vilevile. England wamechukua miaka 28 kuruhusu reli, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haikuwa ya kutafuta chuma. Celtic walifunga viti hivi 2016 kwa sababu sheria ya Scotland ni tofauti, Shrewsbury, wakati huo ikiwa daraja la tatu, ikafuata 2018 kwa michango ya mashabiki wenyewe. Chuma kilikuwepo. Kilichokuwa hakipo ni imani.

Kop, na kuhusu familia: 2017 chama cha mashabiki wa Liverpool, Spirit of Shankly, kiliitisha kura. Karibu watu 18,000 walipiga, asilimia 88 wakakubali viti vya reli. Na 2021 klabu yenyewe ikaviweka Anfield.

#24 Kop ya Mburahati

Najua. Niliisoma ile kura siku ilipotoka, niko kwenye daladala ya Makumbusho, nikapitiliza kituo.

Waliopiga ni pamoja na watu waliokuwepo Sheffield siku ile, na baadhi yao wamekubali. Kama wao wamekubali sina mdomo wa kukataa. Lakini moyoni nilikaa na wale ambao hawakukubali, na bado nipo huko. Sio kwa sababu ya hoja. Hoja za Stewadi nimezikubali zote. Ni kwamba nikiona picha ya Kop wamesimama wamebanana wanaimba, macho yangu yanaenda kwanza kwenye ngazi, natafuta kama kuna njia. Halafu ndipo natazama mpira.

#25 Stewadi Mstaafu

Hivyo ndivyo stewadi anavyotazama, mkuu. Ungefaa.

#26 Mama Wawili

Wanaume mmetulia, ngoja niulize la maana. Jumamosi kijana anataka lazima tukakae "kule kwa wanaoimba". Nimekataa, baba yake amekubali. Stewadi, mtoto wa miaka tisa ataona nini?

#27 Stewadi Mstaafu

Ataona migongo. Kama ni lazima, tafuta safu ya mbele kabisa ya eneo, nafasi ya mwisho inayopakana na ngazi, na awe upande wa ngazi. Asisimame ngazini lakini, mtamtafutia stewadi wa watu matatizo.

#28 Mama Wawili

Nimerudi na ripoti.

Nafasi za safu ya mbele ziliisha, tukapata ya nne, pembeni ya ngazi. Bomba linamfika kidevuni, kwa hiyo kipindi cha kwanza chote aliegemeza kidevu pale kama mzee dirishani, anachungulia kati ya mabega mawili. Nyimbo amezishika zote, mbili siwezi kuziandika humu. Dakika ya 70 akaniambia mama miguu inauma. Akateremsha kiti, akakaa katikati ya msitu wa suruali za watu, akala chipsi zake taratibu. Goli la pili hakuliona, alilisikia tu. Akaniuliza, "Kafunga nani?"

#29 Utopolo Halisi

Mwambie anko wake nipo naye. Ndivyo navyotazama mpira kibandaumiza umeme ukikatika.